Mwalimu Aliyewapitisha Wasiojua Kujibu

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kanisa nililiandika kwa mwandiko mzuri sana. Lilikuwa barua ya ukurasa mmoja na nusu. Niliiandika mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza wino uliacha doa, na mara ya pili mstari wa mwisho uliinama. Ya tatu haikuwa na kasoro. Niliipeleka kwa pasta mchana wa Jumatatu, nikampa kwa mikono miwili, nikarudi nyumbani na furaha ya mtu aliyetenda haki. Ndani yake nilieleza kwamba mzee aliyefundisha darasa la ubatizo hapa Kamina alikuwa akiwapitisha watu wasiojua majibu.

Wiki mbili baadaye mzee alikuwa ameondolewa, na darasa nimepewa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Jina lake sitaliandika. Nililiandika mara moja katika barua ile, inatosha. Mji mzima ulimwita Mzee wa Maji, kwa sababu kazi yake katika kituo cha reli ilikuwa kuyapa maji magari ya moshi. Mashine ilipoingia kutoka safarini, yeye ndiye aliyelizungusha lile bomba refu lenye shingo mpaka likae juu ya tangi. Mchochea moto alipanda, akafungua kifuniko cha tangi, kisha Mzee akafungua maji. Aliifanya kazi hiyo miaka mingi hata mkono wake wa kulia ukawa mnene kuliko wa kushoto, na alitembea akiinama kidogo upande mmoja kama mtu anayemsikiliza mtoto.

Hakuwa mtu laini. Wanaomkumbuka leo kama mzee wa upole tu walimwona kwa mbali. Ukichelewa darasani dakika tano alinyamaza mpaka ukae, halafu akamwambia mwenzako, "Tungoye kidogo, huyu mukubwa apumuzike." Miguu michafu aliichukia kama dhambi, nje ya mlango aliweka karai la maji, na hata mke wa chifu wa kambi alinawa. Tumbaku kanisa lilikataza, na kila mtu alijua Mzee ana kikopo cha tumbaku ya pua ndani ya soksi. Pasta alipomwuliza, alijibu, "Ile iko dawa ya macho," na pasta akaiacha hivyo, kwa sababu alishindwa kujizuia kucheka.

Tena alikuwa na jembe. Jembe lile hakumwazima mtu yeyote, hata shemeji yake. Siku moja mama mmoja wa kwaya alimjia kuliomba, na alipokataliwa akamwambia mbele yetu sote:

"Tata, kila siku ya ine, ku darasa, unatuambia neema iko ya bule. Sasa jembe?"

"Neema iko ya Mungu," akasema Mzee. "Jembe iko yangu."

Mama yule alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Niliandika maneno hayo kwenye karatasi nikiwa na nia ya kuyatumia.

Lazima nijieleze, ingawa sipendi. Shule nilisoma miaka mitatu tu. Baba yangu alipougua nilirudi shambani, na yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe: Kifaransa nilikipata katika kitabu cha sarufi kisichokuwa na kurasa za mwanzo, na mwandiko niliujifunza kwa kunakili matangazo ya reli yaliyobandikwa ukutani. Mtu aliyejifundisha peke yake huogopa kila kitu kilichokuwa katika kurasa ambazo hakuzipata. Nilidhani wengine wote wanazo kurasa hizo. Nilidhani siku moja mtu atanisimamisha mbele za watu na kuniuliza neno moja, na kila nilichojenga kitaanguka. Kwa hiyo nilijifunza majibu yote. Maswali ya ubatizo niliyajua kwa mpangilio, nikiulizwa kutoka mwisho kwenda mwanzo niliyajibu vilevile. Kanisa liliponifanya karani wa darasa la Mzee, nililiona jambo hilo kuwa sawa kabisa.

Darasa lilikuwa kila Alhamisi alasiri, nyuma ya kanisa. Utaratibu wetu siku zile ulikuwa mgumu. Mtu alifundishwa miaka miwili. Kisha alisimama mbele ya mwalimu, wazee wawili wa kanisa, na karani, akaulizwa: Neema ni nini? Imani ni nini? Amri ya sita ni ipi? Mimi niliandika kando ya jina lake "amejibu" au "hakujibu". Aliyejibu alipewa karatasi yenye jina lake, na bila karatasi hiyo pasta hakumbatizi mtu. Watu walizishona karatasi zile ndani ya nguo ili zisipotee. Wengine waliniuliza kama ni lazima wazikwe nazo.

Mzee wa Maji alikuwa na tabia iliyonichoma. Mtu aliposhindwa, aliinama kana kwamba anakohoa, akamnong'oneza jibu. Na kama mtu alishindwa hata kunong'onezewa, Mzee aliuliza swali lingine ambalo halikuwamo kitabuni. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mjane mmoja aliyetoka upande wa Kabongo kumfuata mwanawe, kijana aliyetengeneza njia ya reli. Mama yule alizungumza Kiluba zaidi ya Kiswahili. Alisimama mbele yetu akiwa ameshika kitambaa chake kwa mikono yote miwili.

"Mama," akasema Mzee, "imani iko nini?"

Mama akakikunja kitambaa chake. Mzee akakohoa kikohozi chake cha uongo. Mama akatikisa kichwa.

"Basi, acha ile. Niambie, juu ya nini unakuya hapa kila juma?"

"Ananijua," akasema mama.

"Nani anakujua?"

"Yesu. Bantu ya Kamina habanijue. Yeye ananijua."

Mzee akanigeukia. "Karani, andika amejibu."

"Tata, hakujibu," nikasema. "Jibu ni mistari mitatu."

"Andika, mwana."

Niliandika "hakujibu". Mwandiko wangu ulikuwa wazi sana. Jioni ile nilianza barua.

Katika barua niliongeza mambo mengine, kwa sababu nilitaka iwe kamili. Niliandika habari ya tumbaku. Niliandika habari ya jembe. Niliandika pia kwamba anacheka na Wakatoliki, na hili lilikuwa kweli. Mkulima mmoja Mkatoliki, jirani yake wa siku nyingi, alipita na kapu la mihogo kila Alhamisi, na lazima asimame kutuchokoza.

"Eh, Mzee wa Maji! Leo unaokoa bangapi?"

"Minyi? Hata mumoja. Minyi niko nachunga benchi tu."

"Kwetu mompe, padri yetu, anatufundisha kutumika kazi. Ninyi munasema munaamini, kisha munalala."

"Na weye, hizi kazi yako yote, inatosha?"

Mkulima aliweka kapu chini. Alifikiri kweli. "Haitoshe," akasema.

"Na imani yangu haitoshe. Basi ikala hapa, tungoye pamoya."

Akakaa. Wakala muhogo mbichi wawili hao, wakisemezana habari za mvua, na mimi nikisubiri kwa hasira kwamba Mzee amtolee aya za kumshinda. Hakutoa hata moja. Wakati ule niliona huo ni udhaifu wa mafundisho.

Lakini si kwamba hakuwa na mafundisho. Siku moja, kabla ya yote hayo kuharibika, nilimfuata kazini. Nilikuwa na hofu ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Nilisoma kwamba tunaokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, na tangu hapo nilikuwa nikijipima kila asubuhi kama imani yangu imefika. Siku nyingine niliamka nikaona sina kitu. Nilimwuliza huku amelishika bomba, na mashine ikipumua karibu yetu.

"Tata, muntu atajua namna gani kama imani yake inatosha?"

"Kutosha kwa nini?"

"Kwa kupewa neema."

Alinitazama kama nimemwuliza kama samaki anapanda miti. Kisha akaonyesha juu, alikokuwa mchochea moto.

"Unaona ule? Anafungua kifuniko. Maji iko yake?"

"Hapana."

"Akifungua, njo anafanya maji?"

"Hapana, Tata."

"Lakini akikatala kufungua, maji itamwangika yote chini, na mashini itakufa na kiu hapa pembeni ya maji. Basi imani njo ile. Kufungua tu. Weye uko naangalia kifuniko kila siku, kama iko munene, kama iko muzuri. Angalia maji."

Mimi huwa siwezi kuliacha jambo. "Na nani anamupa ule nguvu ya kufungua?"

Mzee alifunga maji, akapangusa uso kwa kofia yake. "Pale sijue," akasema. "Siku ingine naona ni muntu. Siku ingine naona Mungu mwenyewe njo anapanda kule juu. Muulize pasta, yeye anakula mushahara ya kujua."

Jibu hilo lilinikera kwa muda mrefu, kwa sababu lilikuwa na "sijue" ndani yake.

Basi nikapewa darasa. Nililinyoosha. Karai la maji nililiacha, vikohozi vya kunong'onezea niliviondoa. Mwaka wa kwanza walipita wanne. Watu walinisalimu kwa heshima mpya, wakiangalia pembeni. Mzee aliendelea kuja kanisani kila Jumapili, akakaa benchi la tatu na kuimba kwa sauti iliyokuwa nje ya wimbo, kama siku zote. Hakuniambia neno. Nilijituliza kwamba hajui nani aliandika.

Mjane wa Kabongo alirudi kwenye mtihani, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimelikataa jibu lake la kwanza. Akashindwa. Akarudi tena baada ya miezi sita, akashindwa tena. Mara ya nne alijitahidi sana. Alianza mstari wa kwanza wa jibu, akafika katikati, maneno yakampotea. Aliniangalia, mimi niliyekuwa na umri mdogo kuliko mwanawe, akasema, "Bwana Karani, ule Mzee iko wapi?"

Nikasema Mzee amepumzika. Nikaandika nilichoandika.

Kiangazi kile alirudi Kabongo, na huko akafa kwa homa. Nilizipata habari kutoka kwa mwanawe. Alikuja asubuhi kabla ya kazi, nguo zake zina mafuta, akasimama mlangoni pangu bila kuingia. Hakunilaumu. Aliniuliza jambo moja tu: kama kuna karatasi yoyote ya kanisa yenye jina la mama yake, aichukue awaonyeshe wajomba kwamba mama alikuwa mtu wa kanisa.

Karatasi ilikuwapo. Lilikuwa daftari langu, na jina la mama lilikuwamo mara nne, na kila mara kando yake neno lilelile.

Nikamwambia hakuna.

Alisema asante, akaenda. Niliketi kitandani na daftari langu mapajani. Barua ile ya kwanza niliiandika nikidhani natetea ukweli, na sasa ukweli ulikuja mlangoni pangu asubuhi na mapema nikaukana kwa neno moja.

Tangu siku hiyo sikuweza kukaribia Meza ya Bwana. Mkate ulipoanza kupitishwa, nilitoka nje kwa mlango wa pembeni. Pasta aliuliza, nikasema tumbo. Miaka miwili nilisema tumbo. Nilifundisha wengine kwamba neema ni wema tusioustahili, nikalisema jibu hilo bila kukosea hata neno, kisha Jumapili nikatoka nje kwa sababu sistahili. Nilijua kwamba hayo mawili hayakubaliani. Kujua hakukunisaidia kitu. Niliamini kwamba lazima kwanza nitengeneze. Lakini mama alikuwa amekufa, kijana alikuwa amehamishwa na reli kwenda mbali, na sikuona pa kuanzia.

Mwishowe nilianza kwa njia ninayoijua. Niliandika maungamo, kurasa nne, nikayasahihisha wiki nzima, nikaenda nayo kwa Mzee wa Maji.

Wakati huo alikuwa ameacha kazi. Miguu ilikuwa imevimba, na alihamia nyumba ya udongo pembeni ya mji, ambako mke wake alilima. Nilimkuta mchana, ameketi kwenye kiti kifupi akipukuchua mahindi ndani ya ungo. Nilimsalimu kwa Kiluba, kwa heshima zote, akaitikia bila kuacha mahindi.

"Tata, nimekuya kusema makosa yangu. Nimeyaandika."

"Soma, basi."

Nilisoma nikiwa nimesimama. Nilikuwa nimefika katikati ya ukurasa wa pili, mahali nilipokuwa na sentensi niliyoipenda sana, nilipoinua macho nikaona amelala. Mahindi yalikuwa yanamdondoka vidoleni. Mke wake, mama mfupi mwenye maneno, alipita na sufuria akasema, "Mupe nafasi, mwana. Analala hata pasta akihubiri."

Nikazikunja karatasi zangu. Alipofumbua macho akauliza, "Unamaliza?"

"Bado kurasa mbili na nusu, Tata."

"Iache. Ile ya barua nilijua zamani."

Nikakaa chini. "Ulijua tangu lini?"

"Siku ya kwanza. Pasta alinisomea. Nikamuambia, muandiko muzuri sana." Akaendelea kupukuchua. "Akaniuliza, sasa kalasi tutamupa nani? Nikamuambia, mupe huyu huyu. Bantu bengine habatakuya kwa wakati."

"Wewe ndiye uliyenipa darasa?"

"Minyi. Lakini usifikiri nilikuwa na moyo muzuri. Nilikasirika, mwana! Miezi mingi sikutaka kuona uso yako. Nilikuwa napita nyuma ya depo ju tusikutane."

"Na ulinisamehe lini?"

"Sijue. Siku moja nilikuona unatoka kanisani mbio na ile tumbo yako ya uongo, nikakuonea huruma. Pengine njo siku ile. Pengine zamani zaidi."

Ndipo nikamwambia kuhusu mjane, na kuhusu mwanawe mlangoni. Hayo sikuyasoma, yalikuwa ukurasa wa nne, lakini karatasi nilikuwa nimeikunja. Niliyasema vibaya, kwa Kiswahili cha nyumbani, nikirudia maneno. Safari hii hakulala. Nilipomaliza aliweka ungo chini.

"Unafikiri Mungu alikuwa anangoya karatasi yako ju amujue ule mama?"

"Hapana, Tata."

"Yeye aliisha kukuambia mwenyewe. Ananijua. Weye njo uliandika hakujibu." Sauti yake ilikuwa kavu. "Lakini alitaka maji ya ubatizo kichwani, mbele ya bantu, na ulimunyima. Na mutoto yake ulimudanganya. Ile umekosa. Usiipake mafuta. Sema, nimekosa."

"Nimekosa."

"Njo hivi. Sasa nawa mikono, tukule."

Mke wake alikuwa amekwisha kuleta bukari, yaani ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo, na samaki mkavu wa Malemba-Nkulu. Maji ya kunawa yalikuwa mbele yangu. Sikuyagusa. Nilisema kwamba afadhali kwanza nimtafute kijana yule, nimwambie kweli, nitengeneze, halafu nitakuja kula nikiwa mtu safi.

"Bukari inapoa!" akasema mama. "Huyu mutoto analeta mashauri gani tena?"

Mzee alijimegea tonge, akaliviringa, akaliweka chini tena.

"Utaenda kwa ule kijana," akasema. "Lazima uende, ao uandike. Sikukatazi. Lakini ukienda kwanza, mbele ya kukula, utaenda ju upate kukula. Utakuwa unamutumia, ule mutoto ya bantu, na mama yake alikufa. Ukikula kwanza, utaenda ju yake yeye tu."

Nilikuwa na aya nyingi kichwani, na zote zilikuwa upande wake.

Nikanawa. Maji yakamwagika kwenye suruali. Nilimega bukari, nikachovya, nikala, na machozi yalikuwa yanaingia mdomoni pamoja na sombe. Mama aliniuliza tu kama samaki ana chumvi nyingi.

Mzee wa Maji alikufa kabla ya mvua za mwaka ule. Tulikuwa tumekutana mara mbili tena, na mara zote mbili tulizungumza habari za mahindi.

Sasa nina miaka ishirini na sita, na haya ndiyo yaliyobadilika. Jumapili iliyofuata chakula kile nilibaki ndani, nikapokea mkate na kikombe, na nimepokea kila mara tangu hapo. Darasa bado ninafundisha. Mtu asiyeweza kusema mistari mitatu ninamwuliza kwa nini anakuja, ninamsikiliza mpaka amalize, na nimewaambia pasta na wazee wa kanisa waziwazi kwamba ndivyo ninavyofanya. Nilipopata anwani ya kijana wa Kabongo, nilimwandikia mara moja, bila kunakili upya: kwamba jina la mama yake lilikuwapo, kwamba nilimdanganya, na kwamba kilichoandikwa kando ya jina hilo kilikuwa kosa langu mimi. Hajajibu. Sijui kama atajibu.

Hata hivyo Meza ya Bwana ninaikaribia, bila kungoja jibu lake.